Shajara ya Mradi: Bimu ya Roshani Inayosokotwa, Bububu

Jumatatu. Kupokea michoro

Nyumba iko Bububu, Zanzibar, upande wa juu wa barabara, ya ghorofa moja. Sebule ya katikati haina sakafu juu yake. Ukiingia unaona hadi paani, na vyumba vya kulala vya juu viko kulia na kushoto. Mbele kuna roshani ya zege iliyotoka nje mita 1.2. Inaanzia chumba cha upande wa kulia, inapita mbele ya sebule, inaishia chumba cha kushoto. Nguzo zimeshasimama na mafundi wameanza kukata mbao za fomu. Kazi niliyopewa ni kuhakiki bimu ya mbele, mhimili wa zege unaoibeba roshani, kabla nondo hazijafungwa.

Michoro imeipa bimu yote kipimo kimoja: 200 kwa 450 mm, ringi (vyuma vinavyozizunguka nondo ndefu) za milimita 8 kila baada ya milimita 200. Upande wa vyumba sina neno nao. Pale slabu (bamba la zege) ya roshani ni mwendelezo wa slabu ya chumba. Nondo za juu zinavuka bimu na kurudi ndani, na sakafu ya chumba inaikandamiza roshani kwa nyuma isipinduke. Bimu ya pale inasokotwa kidogo kwa sababu tu imeungana na slabu inayopinda. Zege likipata nyufa ndogo, ugumu wa bimu kwenye kusokotwa unashuka sana, mzigo unarudi kwenye slabu, na hakuna kinachoanguka. BS 8110, kanuni ya Uingereza ambayo wengi wetu bado tunaitumia, inasema kwamba msokoto wa namna hiyo kwa kawaida hauhitaji hesabu yake wenyewe; ringi za kuzuia mkato, ile nguvu ya wima inayotaka kuikata bimu, zinatosha kudhibiti nyufa.

Kipande cha katikati ni habari nyingine. Kati ya nguzo mbili pana mita 4.0, na nyuma ya bimu ni hewa tupu. Roshani inataka kuinama mbele na hakuna sakafu ya kuishika. Inayoishika ni bimu peke yake, kwa kukataa kuzunguka. Ikikubali, mzigo hauna njia ya pili. Kwa hiyo hapa msokoto unapigiwa hesabu yote, mpaka mwisho.

Wajenzi wa Mji Mkongwe walilikwepa jambo hili kwa akili. Tazama roshani zile zilizobebwa na boriti: boriti inaanzia ndani ya chumba, inapita ukutani, inatokeza nje, na uzito wa sakafu na mawe umeikalia mkia. Ukuta haukuombwa kusokotwa. Sisi tumepata zege na nondo, tukaona kila kitu kinaweza kuning'inia popote.

Jumanne. Mizigo

Slabu ya roshani ni 150 mm, sawa na 3.6 kN kwa mita ya mraba (kN moja ni karibu uzito wa kilo 100). Sakafu ya juu na plasta ya chini nimezipa 1.2. Jumla 4.8.

Mzigo wa watu nimechukua 3.0. Kwa nyumba ya familia moja kanuni inaruhusu 1.5, lakini mimi nimezaliwa hapa na najua roshani ya mbele hufanywa nini siku ya arusi. Bwana arusi akikaribia mlangoni, nyumba nzima ya wanawake iko juu, na hawagawanyiki sawasawa kama hesabu inavyodhani. Wote wako ukingoni. Ukingo ndiyo sehemu iliyo mbali zaidi na bimu, na kwenye msokoto umbali ni nusu ya maneno yote.

Ukingoni michoro imeweka ukuta wa matofali wa 150 mm, kimo cha mita 1. Pamoja na plasta ni 3.5 kN kwa kila mita ya urefu.

Nikizidisha kwa usalama, 1.4 kwa mizigo ya kudumu na 1.6 kwa watu, slabu na watu wake inakuwa 11.52 kN/m², ukuta 4.9 kN/m. Kwa bimu ya upana wa 200, msokoto kwenye kila mita ya bimu, yaani mzigo mara mkono (umbali wake kutoka katikati ya bimu), ni huu: slabu 13.82 kN kwa mkono wa mita 0.7, ukuta 4.9 kN kwa mkono wa mita 1.225. Jumla 15.68 kNm. Nusu ya mita 4 inakwenda kila nguzo, kwa hiyo usoni mwa nguzo msokoto ni 31.4 kNm.

Mkazo wa msokoto kwa sehemu ya mstatili, kwa fomula ya BS 8110, ni 2T (T ni msokoto) ukigawa kwa upana mraba mara kimo kilichopunguzwa theluthi ya upana. Nimepata 4.09 N/mm². Zege la michoro ni daraja la 25 (nguvu yake kwa N/mm²), na mwisho wake ni 4.0, mkato na msokoto vikiwa pamoja. Na kwa kuwa ringi ni fupi kuliko 550 mm, msokoto wenyewe unashushiwa mpaka hadi kama 2.6.

Hapa sipati nafuu kwa kuongeza nondo. Mpaka huu ni wa zege lenyewe, mishazari yake inayobanwa kati ya ringi na ringi. Ukiijaza bimu chuma, zege litasagika kabla chuma hakijavutika. Bimu ya 200 kwa 450 imekataa, basi.

Jumatano. Kwa mwenye nyumba

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa skuli, na kila mtu pale anamwita Mwalimu. Nimempelekea njia tatu.

Ya kwanza, kurudisha kipande cha sakafu nyuma ya bimu, ndani ya sebule. Hiyo nilijua jibu lake kabla sijamaliza kusema. "Mwanangu, ile sebule ndiyo nyumba yenyewe. Ukinijazia zege mle umeniharibia."

Ya pili ndiyo niliyoipenda: bimu mbili zinazotoka ndani ya nyumba zivuke nguzo na kutokeza nje mita 1.2, kisha slabu ya roshani ilale kati yao. Mzigo ungeingia nguzoni moja kwa moja, na bimu ya mbele isingesokotwa na roshani hata kidogo. Nimemchorea karibu mara mbili. Mwalimu hataki kuona bimu chini ya roshani. Anataka tumbo lake liwe bapa tangu upande mmoja hadi wa pili. Ni nyumba yake, na ombi lake halivunji usalama, ila linaongeza chuma.

Ya tatu, kuikuza bimu hadi 300 kwa 500, kupandisha zege hadi daraja la 30, na kuipa nondo za msokoto inavyostahili. Nguzo ni 300 kwa 300, kwa hiyo upana unakaa. Amekubali hiyo.

Tukazungumza pia habari ya ukuta wa ukingoni. Katika uzito wote wa roshani, ukuta ni robo tu, lakini kwa sababu uko mwisho kabisa unachangia karibu asilimia 38 ya msokoto. Kizuizi cha mbao cha kuchonga, kama zile za mjini, kingeupunguza msokoto wa nguzoni kwa takriban theluthi. Mwalimu amefurahi, mbao anazipenda kuliko matofali. Hata hivyo hesabu nitaifanya kwa ukuta. Mbao huoza, na kijana wa miaka ishirini ijayo atakapoleta matofali hatamtafuta injinia.

Alhamisi. Hesabu mpya

Bimu 300 kwa 500. Mikono imeongezeka kidogo kwa sababu katikati ya bimu pamerudi nyuma: 0.75 kwa slabu, 1.275 kwa ukuta. Msokoto 16.62 kNm kwa mita, na 33.2 kNm usoni mwa nguzo. Mkazo umeshuka hadi 1.85 N/mm². Mpaka wa zege sasa ni 3.27 kwa msokoto peke yake, na 4.38 ukijumlisha na mkato. Mkato wenyewe ni 0.56: bimu inabeba pia ukuta wa juu wenye madirisha yanayotazama sebule, na jumla inafika 37 kN kwa mita. 1.85 na 0.56 ni 2.41. Zege limekubali. Kwa upande wa chini, zege tupu la daraja hili linaachiwa msokoto hadi 0.37 tu, na sisi tuko mbali juu ya hapo, hivyo nondo ni za lazima.

Kava, zege la kufunika chuma, nimeweka 40 mm kwa sababu ya chumvi ya bahari. Ringi za milimita 10 zinabaki na vipimo vya kati kwa kati 210 kwa 410. Chuma cha nguvu ya 460 N/mm². Ringi kwa ajili ya msokoto: 1.10 mm² kwa kila milimita ya urefu, miguu miwili pamoja. Kwa ajili ya mkato kiwango cha chini kinatosha, 0.275. Jumla 1.38. Ringi ya milimita 10 ina 157 mm² kwa miguu miwili, kwa hiyo isizidi 114 mm kati ya ringi na ringi. Nimeandika 100 kwa mita 1.25 kutoka kila nguzo, na 150 katikati, ambako msokoto unakwenda sifuri. Kanuni isingeruhusu kuzidi 200 popote, hata kama hesabu ingeruhusu.

Nondo ndefu za msokoto ni 684 mm², na hizi ndizo zinazosahaulika. Haziwekwi chini pamoja na za kupinda. Zinazungushwa bimu nzima, moja kila kona, na pengo lisizidi 300. Nimezigawa mafungu matatu ya 228: juu, katikati ya ubavu, chini. Chini kuna pia 470 za kupinda, kwa hiyo nondo 4 za milimita 16. Ubavuni 2 za milimita 12 zingetoa 226, nimeweka 16. Juu 3 za 16, kwa sababu bimu inaendelea pande zote mbili na nguzoni inapinda kwa juu.

Usiku nimepiga tena kwa Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, kwa msokoto ule ule na mishazari ya digrii 45. Hesabu yake inaichukua bimu kama bomba lenye ukuta mwembamba: mkazo unazunguka karibu na ngozi, na zege la kati halisaidii sana. Fikra ya bomba ni ya Bredt, ya mwaka 1896. Rausch akaivisha zege na nondo mwaka 1929, ringi na nondo ndefu zikivutwa na mishazari ya zege ikibanwa. Nimepata 0.587 kwa mguu mmoja wa ringi badala ya 0.551, na nondo ndefu 667 badala ya 684. Kanuni mbili zilizopita njia tofauti zikikutana karibu hivyo, naweza kulala.

Jumamosi. Msokoto unakwenda wapi

Bimu haiumalizi msokoto, inausafirisha tu. Usoni mwa nguzo kuna 33.2 kNm zinazotafuta pa kwenda, na zinakwenda kwenye bimu ya msalaba, ile inayotoka nguzoni kurudi ndani kati ya sebule na chumba. Kilichokuwa msokoto mbele kinakuwa mpindo pale, upande wa juu ukivutwa.

Bimu za msalaba ni 250 kwa 450. Mahitaji ya juu ni kama 204 mm², na tayari zina 2 za milimita 16, yaani 402. Wingi unatosha, tatizo ni mwisho wake. Michoro imezikata usoni mwa nguzo. Nondo ya 16 kwa zege hili inataka kushikwa kwa urefu wa mara 40 ya unene wake, 640 mm, na nguzo ina 300 tu. Lazima ziingie nguzoni hadi upande wa nje kisha zikunje kuelekea chini. Nimechora kiungo hicho kwa ukubwa, peke yake kwenye karatasi, nikapeleka saiti nakala mbili.

Jumatatu. Kwa mafundi wa nondo

Fundi mkuu ni mzee wa kazi, amefunga nondo tangu mimi sijaanza skuli. Nimemwamkia, tukakaa juu ya mbao. Akaitazama karatasi muda mrefu. "Mwanangu, ringi kila sentimita 10, na nondo za ubavuni kwenye bimu ya 500? Vaibreta itapita wapi?"

Swali lake la haki. Chini kuna nondo 4 ndani ya nafasi ya 200 mm kati ya miguu ya ringi. Pengo ni 45 mm, na kokoto zetu hazizidi 20. Vaibreta yenye kichwa chembamba inapita katikati. Hilo likamridhisha. La ringi halikumridhisha.

Nikachukua chaki mfukoni mwa Mwalimu, bado hutembea nazo, nikampa aishike ncha mbili aisokote bila kuipinda. Ikakatika, na mkatiko haukuwa wa moja kwa moja. Ulizunguka chaki kwa mshazari, kama digrii 45. Akazigeuza ncha mbili mkononi, akaziunganisha tena, akazitenganisha. Nikamwambia, "Mzee, bimu hii ikipasuka itapasuka hivi, uso wa mbele, juu, nyuma, chini. Popote ufa utakapopita lazima ukutane na chuma." Hakujibu. Akamwita kijana wake, akampa chaki na yeye asokote.

Kisha tukaenda kwenye ringi zilizokwisha kukunjwa. Zote zilikuwa na mikia ya digrii 90, iliyolala sambamba na ubavu. Kwa mkato peke yake watu wengi huziacha hivyo. Kwa msokoto hapana: zege la nje ya ringi likibanduka, mkia unafunguka, na ringi iliyofunguka si ringi tena. Tumekubaliana zikunjwe upya kwa digrii 135, mkia wa 100 mm uingie ndani ya kiini cha bimu, na maungio yabadilishane kona, moja kulia, inayofuata kushoto. Fundi mkuu alikunja ya kwanza mwenyewe kwenye benchi ya misumari, akanipa nipime, na kipimo kilikuwa sawa kabisa.

Wiki iliyofuata. Kukagua chuma

Bimu ya 300 juu ya nguzo ya 300 ina kero yake: nondo za kona za bimu zinagonga nondo za kona za nguzo. Mafundi walitaka kuzisogeza zote katikati. Nimekataa. Nondo ya kona ya msokoto kazi yake ni kukaa kwenye kona ya ringi. Zimekunjwa kidogo na kupita ndani ya nondo za nguzo pale tu zinapoingia kwenye kiungo. Kabla ya uso wa nguzo zimeshafika konani.

Nondo za juu za slabu ya roshani ni za milimita 12 kila 200. Kipande cha katikati hakina chumba cha kuzipokea, kwa hiyo zinaingia ndani ya bimu, zinashuka uso wa nyuma, zinarudi chini ya nondo za chini. Nimezigusa moja moja. Chini yake tumeweka viti vya nondo kila mita, na mbao za kukanyagia juu, kwa sababu roshani nyingi zinazoanguka huanguka kwa kosa hili: nondo ya juu imekanyagwa na wabeba karai mpaka ikalala chini, mahali ambapo haina kazi.

Kumwaga zege

Kusi ilikuwa shwari. Mchanga ni wa shamba, si wa pwani. Lori moja lililokuja na chembe za kome limerudishwa. Kokoto za mawe ya matumbawe zinanywa maji, kwa hiyo zimeloweshwa tangu jioni ya jana ili zisiyanywe yale ya kwenye mchanganyiko. Slampu, kipimo cha ulaini wa zege bichi, 75 mm. Bimu na roshani zimemwagwa pamoja bila kusimama. Kiungo cha baridi kati yao sikukitaka. Sala ya adhuhuri watu wamekwenda kwa zamu.

Magunia maji kutwa mara tatu, wiki nzima.

Siku ya 28

Kyubu tatu, vipande vya zege hilo vya kupimia nguvu, zimerudi kutoka maabara: 33, 34 na 36 N/mm². Zote ziko juu ya 30.

Kutoa mirunda

Mirunda chini ya roshani tumeitoa kuanzia ukingo wa nje kuelekea ukutani. Fundi mkuu alisimamia mwenyewe na hakuruhusu mtu wa pili kutoa amri. Kabla ya kuanza nilikuwa nimeweka alama tatu ukingoni na kuzisoma kwa leveli. Katikati ya mita 4 ukingo umeshuka 3 mm. Mbele ya nguzo, 1 mm. Tofauti hiyo ya katikati na nguzo ndiyo bimu ikizunguka, kwa kadiri nilivyotarajia.

Nimepanda na tochi nikaangalia uso wa nyuma wa bimu, upande wa sebule, karibu na kila nguzo, mahali ambapo msokoto ni mkubwa. Kulia hakuna kitu. Kushoto kuna ufa mmoja wa mshazari kama unywele, chini ya 0.1 mm, nimeuwekea alama ya penseli mwanzo na mwisho, na tarehe pembeni. Mpaka wangu ni 0.3.

Fundi wa mbao anaanza kizuizi wiki ijayo. Mwalimu ameshakubali uso wa nyuma wa bimu usipigwe plasta mpaka kizuizi kiwe kimefungwa na mimi nimeupima ufa ule tena.